Usingizi wa mtu anayetumia mwili: mwongozo kamili wa kulala ili misuli na kinga virudi kazini

Kuli wa bandarini, mchezaji wa timu ya mtaa, mama aliyejifungua kwa upasuaji na dereva wa lori la Dar hadi Tunduma wote wanakarabatiwa usiku, na ukarabati huo haufanyiki vizuri mtu akiwa macho. Wanaweza kula vizuri, wakameza vitamini na kusugua mafuta ya maumivu, lakini usingizi ukiwa mbovu sehemu kubwa ya jitihada hizo inapotea bure.

Ushauri mwingi wa usingizi unaosambaa umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi wenye chumba cha peke yao. Kumwambia mtu wa Mbagala alale kwenye nyuzi joto 18 mwezi wa pili ni mzaha. Hapa tunaanzia kwenye hali halisi: bati, chandarua, jirani mwenye muziki na saa za kazi ambazo hukuzichagua wewe.

Kinachofanyika ukiwa umelala

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito mwingi, ule ambao mtu akikuita huitiki. Hapo ndipo ubongo humwaga sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji ya siku nzima, na kwa mtu mzima kazi yake ni kujenga na kutengeneza tishu. Shinikizo la damu nalo hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, moyo ukapata nafuu. Mizunguko ya alfajiri ina usingizi wa ndoto zaidi, ambao unahusika na kumbukumbu na utulivu wa akili. Anayelala saa 6 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri hupata karibu usingizi wake wote mzito, ila ule wa ndoto anaukata katikati.

Kuna watu wanaoamini kwamba saa moja ya kulala kabla ya usiku wa manane ni sawa na mbili za baadaye. Sivyo. Usingizi mzito huja mwanzoni mwa usingizi wako, hata kama umelala saa 3 usiku au saa 6 usiku. Ubaya wa kuchelewa ni kwamba asubuhi haikusubiri.

Gharama ya kulala kidogo imepimwa. Katika utafiti wa mwaka 2021, usiku mmoja tu wa kukesha ulipunguza ujenzi wa protini kwenye misuli ya vijana kwa asilimia 18. Vijana wa kiume waliolala saa 5 kila usiku kwa wiki moja, katika utafiti wa mwaka 2011, walishuka homoni ya kiume ya testosteroni kwa asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2015 watu 164 walitiwa matone ya virusi vya mafua puani: waliokuwa wakilala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Na anayepunguza uzito asikilize hili: mwaka 2010 watu waliokula chakula kilekile cha kupunguza mwili walipolala saa 5 na nusu badala ya 8 na nusu, upungufu wa mafuta ulishuka kwa asilimia 55, na sehemu kubwa ya kilo walizopoteza ikatoka kwenye misuli.

Linalodanganya wengi ni jingine. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapa watu nafasi ya kulala saa 6 tu kwa usiku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku hadi siku mpaka ukafanana na wa mtu aliyekesha, lakini walipoulizwa walisema wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo "mimi nimezoea saa 5" si ushahidi wa kitu chochote. Anayesema hivyo amezoea kuchoka.

Hatua ya 1: jua kiasi chako

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10, na hili makocha wa akademia walishike: utafiti wa mwaka 2014 kwa wanamichezo vijana ulionyesha kwamba waliolala chini ya saa 8 waliumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Ukiwa kwenye mazoezi makali, kazi nzito au unauguza jeraha, lenga 8 hadi 9, ukihesabu na usingizi wa mchana.

Kwa siku 7 andika mambo manne tu: umezima taa saa ngapi, umeamka saa ngapi, unakadiria umelala saa ngapi kwa jumla, na mchana ulisinzia wapi. Usitegemee saa ya mkononi inayodai kupima usingizi mzito. Muda wa jumla inaukadiria vizuri kiasi, lakini hatua za usingizi inabahatisha. Ukiona siku ya mapumziko unalala saa 2 zaidi ya siku za kazi, au hujawahi kufika mwisho wa safari ya daladala ukiwa macho, una deni.

Hatua ya 2: shika saa moja ya kuamka

Watu huanza na saa ya kulala, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu usingizi haulazimishwi. Saa ya kuamka unaiweza. Chagua moja, kwa mfano saa 12 asubuhi, uishike siku zote saba. Jumapili ruhusu nusu saa, isizidi saa moja.

Ndani ya saa moja baada ya kuamka toka nje, ukae kwenye mwanga dakika 15 hadi 30. Kufagia uwanja au kutembea hadi kituoni kunatosha. Mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, na saa hiyo ndiyo itakayoleta usingizi saa 15 au 16 baadaye. Huku kwetu karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba yake mwaka mzima. Ni bahati ambayo watu wa Ulaya wangeinunua, na sisi tunaipoteza ndani ya chumba chenye pazia.

Hatua ya 3: shughulikia joto

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kwa karibu nyuzi moja. Mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo, na kwa jasho linalokauka. Pwani hewa imeshiba unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na bati na kuta za tofali za saruji zinaendelea kutoa joto la mchana hadi usiku mwingi. Kiyoyozi kinamaliza tatizo, lakini kama huna au umeme unakula pesa, fanya hivi:

1. Mchana funga pazia za upande wa magharibi. Jua likizama, fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Nyavu za dirisha zilizojaa vumbi huzuia upepo kuliko watu wanavyodhani. Zisugue kwa brashi na maji ya sabuni kila mwezi.

2. Jioni, nje kukipoa kuliko ndani, elekeza feni dirishani ipulize *nje* kwa nusu saa hivi, dirisha au mlango wa upande wa pili ukiwa wazi. Inasukuma nje hewa ya moto iliyokaa chumbani. Wengi huwasha feni ikazungusha joto lilelile.

3. Wakati wa kulala, weka feni ya kusimama upande wa miguuni, kimo cha godoro au juu yake kidogo, umbali wa mita moja hivi, ipulize kwa urefu wa mwili. Chandarua hupunguza sana nguvu ya upepo, kwa hiyo feni iliyo mbali au ya darini haikufikii inavyotakiwa. Ya darini hushindwa kabisa kama chandarua kina kitambaa kizima juu badala ya wavu.

4. Usivue chandarua kwa sababu ya joto. Malaria itakunyima usingizi mwingi kuliko jasho. Badilisha aina: cha pembe nne kina nafasi na hewa zaidi ya cha duara, na kikichomekwa vizuri chini ya godoro huwa mbali na ngozi. Mkono ukigusa wavu, mbu anauma kupitia matundu. Chandarua kipya chenye dawa kitundikwe kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Wengi huruka hatua hii, wakawashwa usoni, wakakigeuza uzio wa kuku.

5. Oga maji ya uvuguvugu saa 1 hadi 2 kabla ya kulala. Uvuguvugu hufungua mishipa ya ngozi na joto la ndani likatoka. Maji ya baridi sana dakika ya mwisho huifunga mishipa hiyo. Unasikia raha kidogo, kisha joto linarudi ukiwa kitandani.

6. Tandika shuka la pamba na ujifunike kanga. Shuka za nailoni zinazoteleza ni nzuri kwa picha tu. Godoro la sponji likikuchoma mgongoni, tandika mkeka wa ukili juu yake. Na angalia salio la LUKU kabla hujalala. Feni ikizimika saa 8 usiku, kazi yote hii imepotea.

Wa Njombe, Makete au Limuru wana shida kinyume, na kosa lao linaua. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki kukimbia. Tumia blanketi la pili, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Hatua ya 4: godoro na mto

Kwa maumivu ya kiuno, godoro la ugumu wa wastani limeonekana kufaa kuliko lile gumu sana, ingawa wazee wetu wengi huapa kwa gumu. Dukani lalia ubavu kwa dakika kadhaa: kiuno kisining'inie, bega lisiume. Sponji nyepesi huvutia kwa bei, lakini bonde hutokea mapema pale nyonga inapokaa. Geuza godoro, kichwani kuwe miguuni, kila miezi 3.

Anayelala ubavu anataka mto unaojaza nafasi kati ya sikio na ncha ya bega, na mto mwembamba katikati ya magoti ili nyonga isipinde. Anayelala chali anataka mto mfupi. Mjamzito aliyefika wiki ya 28 alale ubavu. Aliyepasuliwa tumbo aamke kwa kugeukia ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono, na amuulize daktari jinsi ya kupanga saa za dawa ya maumivu ili isiishe nguvu katikati ya usiku.

Hatua ya 5: vinavyoingia mdomoni

Kafeini huziba mlango ambao uchovu hupitia kuuambia ubongo kwamba umechoka. Nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa wengine zaidi, na kwa wajawazito na baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hurefuka. Ukinywa miligramu 100 saa 11 jioni, saa 4 usiku bado 50 zinafanya kazi. Kikombe kikubwa cha kahawa kina miligramu 95 hivi, cha chai ya rangi 40 hadi 50, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu takriban 80. Kile kikahawa cha kibarazani baada ya magharibi, vikombe vitatu na kashata, ndicho kinachowatesa wanaume wengi wa mwambao wanaodai wana mawazo. Kama unalala saa 4 usiku, kafeini iishe saa 8 mchana. Kibarazani endelea kwenda, unywe tangawizi isiyo na majani.

Mirungi ni kali zaidi. Ina kemikali ya kuchangamsha inayofukuza usingizi na njaa kwa pamoja, na dereva anayetafuna ili asilale hujikuta macho yako wazi huku umakini umekwisha. Pombe nayo inalaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakatika vipandevipande, na koo likilegea unakoroma. Acha saa 3 au 4 kati ya glasi ya mwisho na kitanda.

Chakula kizito kiishe saa 2 hadi 3 kabla ya kulala, la sivyo kiungulia kitakuamsha. Lakini aliyefanya kazi ngumu asilale na njaa. Bilauri ya mtindi na mayai mawili ya kuchemsha hutoa gramu 20 hivi za protini, na tafiti zimeonyesha kwamba protini ya usiku hutumika kujenga misuli ukiwa umelala. Maji kunywa mengi mchana, upunguze saa 2 za mwisho ili choo kisikuamshe.

Hatua ya 6: saa ya mwisho, na ukizinduka usiku

Mechi ya taa inayoisha saa 3 usiku haikuruhusu kulala saa 3 na nusu. Mapigo ya moyo na joto vinahitaji angalau saa moja kushuka: tembea taratibu dakika 10, oga, punguza taa, weka simu mbali na mkono. Simu inaharibu kwa mwanga wake, ila inaharibu zaidi kwa yale yaliyomo. Kelele za baa au kesha la jirani hazizuiwi kwa hasira. Vizibo vya sponji vya masikioni na mngurumo wa feni hufunika nyingi.

Usiku ukizinduka usitazame saa. Ukihisi kama dakika 20 zimepita bila usingizi, toka kitandani, ukae penye mwanga hafifu ufanye jambo lisilosisimua, urudi ukisinzia. Kosa kubwa la wenye usingizi mbovu ni kuwahi kitandani kesho yake ili kufidia. Unakaa kitandani saa 9, unalala 5 na nusu, na mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Dawa yake ni kubana. Kama wastani wako wa wiki ni saa 5 na nusu, jipe kitandani saa 6 tu, kwa mfano saa 6 usiku hadi 12 asubuhi. Ukilala asilimia 85 ya muda huo kwa wiki nzima, ongeza dakika 15, na uendelee hivyo kila wiki. Usishuke chini ya saa 5 na nusu. Siku za mwanzo utasinzia sana mchana, kwa hiyo anayeendesha chombo au mashine, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka wasijaribu bila daktari.

Usingizi wa mchana

Wakimbiaji wa Iten hurudi kitandani baada ya mbio za asubuhi, na hiyo ni sehemu ya mazoezi. Dakika 20 hukuzindua, na dakika 90 hukamilisha mzunguko mzima. Ukiamshwa katikati, kwenye dakika 45 hivi, unatoka usingizini mzito na umenuna. Maliza kabla ya saa 9 alasiri. Mwezi wa Ramadhani, usiku unapokatwa na tarawehe na daku, kailula ya adhuhuri ndiyo inayofidia. Dereva anayesinzia aegeshe mahali salama, anywe kahawa haraka na alale dakika 20. Kafeini huanza kufanya kazi wakati anaamka. Kufungua dirisha na kupandisha redio hakusaidii zaidi ya dakika chache.

Kwa walinzi, wauguzi na wote wa zamu ya usiku

Kabla ya zamu ya kwanza, lala dakika 90 alasiri. Zamuni, kaa penye mwanga mkali na unywe kahawa nusu ya kwanza tu. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyelewa kidogo, hivyo asubuhi ukiwa hoi usipande pikipiki; lala dakika 20 palepale kwanza. Njiani vaa miwani ya jua au kofia pana.

Nyumbani shida ni bati: adhuhuri chumba hakikaliki. Gawa usingizi wako. Lala saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, dirisha likifunikwa kwa kitenge kizito cheusi, kisha tena saa 9 hadi 11 jioni kabla ya kwenda kazini. Waambie wa nyumbani saa hizo ni za usiku kwako, wasikutume dukani.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kama unakoroma kwa nguvu na mwenzako anasikia pumzi ikikatika kisha unashtuka ukitafuta hewa, hasa ukiwa na shinikizo la damu au shingo inayozidi sentimita 40. Hiyo ni njia ya hewa kuziba usiku, na inatibika. Kuamka mara tatu au zaidi kukojoa huku una kiu kunahitaji kipimo cha sukari. Miguu inayowasha ndani kwa ndani na kutaka kuchezeshwa kila ukilala inaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma. Kukosa usingizi usiku mitatu kwa wiki kwa miezi mitatu kunatosha kuomba msaada.

Nenda na karatasi yako ya siku 7, orodha ya dawa zote unazotumia, na mtu unayelala naye kama anakubali, maana yeye ndiye aliyeona. Mweleze daktari pia kama umekuwa ukimeza Piriton au diazepamu ili ulale. Ya kwanza huzoeleka upesi na kukuacha mzito asubuhi. Ya pili huleta utegemezi, na aliyeitumia kwa muda mrefu haiachi kwa siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari.